Jamani, nimekuja kula urojo!

Wenyeji wa Unguja, hivi mnatutakia nini? Mtu kaamka Jumamosi Dar, kapanda boti bila mipango kuja kwa shoga yake, hamu yake urojo tu: ukwaju, embe mbichi, bajia, kachori, na chipsi za muhogo juu. Anafika, kashapikiwa pilau. Anakula kwa adabu, anaongezwa. Ukikataa: "Kwani pilau yangu mbaya?" (Nzuri mno, ndiyo tatizo.) Jioni ndiyo mnakwenda Forodhani, tumbo limefika kooni, pweza wanachomwa, miwa inakamuliwa, naye bila haya anauliza: "Shoga, mbona huli?" Nile niweke wapi? Kesho yake tena mikate ya kumimina, eti njaa ya safari. Safari ya saa mbili!