Mchunga si uchafu

Masika yakikata, viwanja vitupu vya Dar es Salaam huanza kufyekwa. Mwenyekiti wa mtaa anapita akitishia faini, vijana wanashusha mafyekeo, na jua halijatua pamebaki mchanga mtupu. Wanaodai usafi huo si wajinga: majanini hujificha nyoka, na vibaka pia.

Ila hoja inayorudiwa kuliko zote ni mbu, na hiyo imekaa upande. Mbu hutaga majini. Anofelesi, mwenye malaria yake, hupenda kidimbwi kilicho wazi na kinachopigwa jua, hata kile cha alama ya tairi. Kuleksi, yule wa kutuimbia masikioni usiku kucha, huzaliwa kwenye vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Sisi tunafyeka kiwanja, mtaro tunauruka. Na humohumo kwenye majani yaliyofyekwa kimo kivumbasi, ambacho watu wa pwani hukifukiza jioni kufukuza mbu haohao!

Halafu kuna mchunga. Kijana mwenye fyekeo anaona gugu lenye maua ya njano. Mama wa Kizaramo anaona mboga. Atachuma majani machanga, utomvu mweupe ukimgandia vidoleni, ayachemshe, amwage maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha ayaunge kwa tui la nazi. Uchungu ukiisha wote, wazee watakwambia umeiharibu. Mkulima huulaani mchunga kwa kuwa mizizi yake ikikatwa huchipua upya, lakini kwa asiye na shamba mjini ukaidi huo ndio faida.

Hoja nzito ya upande wa pili ni sumu. Utafiti uliochapishwa 1999 ulipima metali nzito, risasi ikiwamo, katika mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Kweli, mchunga wa ubavuni mwa gereji au barabara kuu usiliwe. Lakini zilizopimwa zilikuwa mboga za kulimwa, na sijasikia mwenyekiti akiamuru matuta ya mchicha yafyekwe. Ugomvi huo ni wa mto na wanaoumwagia maji machafu.

Mimi ningefyeka kuzunguka nyumba na kando ya njia tu. Penginepo, tangazo litoke siku mbili kabla, wachumaji watangulie.