Haller Park: timbo lililogeuka msitu, na swali la lango

Ukivuka daraja la Nyali pale Mombasa na kushika barabara ya Malindi, kabla ya kufika Mtwapa utakiona kiwanda cha simiti cha Bamburi upande wa kushoto, na jirani yake msitu wa mivinje unaovuma kama bahari: ndiyo Haller Park, bustani ya miti na wanyama. Mgeni hudhani msitu ndio uliotangulia, kiwanda kikaja baadaye kujibanza pembeni. Mambo yalikuwa kinyume. Pale palikuwa timbo, shimo la kuchimbia mawe ya kiwanda.

Kampuni ya simiti ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na uzalishaji ukaanza mwaka 1954. Malighafi ilikuwa chini ya miguu: mwamba wa matumbawe ya kale, uliokuwa ndani ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Mwamba ulichimbwa, ukasagwa, ukachomwa, ukatoka kwa mifuko kwenda kujenga nyumba za pwani na bara. Kilichobaki kilikuwa uwanja mweupe usio na udongo, wenye kuumiza macho saa sita mchana, na chini yake kidogo maji ya chumvichumvi. Hata nyasi hazikuota.

Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo ambaye awali kazi yake kiwandani ilikuwa kulima matunda na mboga za wafanyakazi, alianza kujaribu kupanda miti katika uwanja huo. Alijaribu aina 26. Zikaokoka tatu tu: mnazi, mti wa Kisomali uitwao damas, na mvinje. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ukajilisha mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Lakini likazuka tatizo jipya. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalidondoka na kulala pale pale bila kuoza. Yana ukali ambao wadudu wengi hawauwezi. Bila majani kuoza hakuna mboji, na bila mboji mti mwingine wowote hauna pa kushika.

Aliyeokoa jahazi ni jongoo. Haller aliona majongoo wenye miguu myekundu, hawa hawa tunaowaona masika wakipanda kuta za nyumba, wakitafuna majani makavu ya mvinje bila taabu. Akawaleta kwa mamia. Kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza wa timbo. Sisi wa pwani tuna msemo kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Pale Bamburi jongoo alitafutwa, akabebwa, akawekwa chini ya mti. Hadi leo ukiinama kwenye njia za bustani utamwona anakatiza polepole juu ya zulia la sindano za kahawia, na ukifukua kwa kidole utakuta udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Udongo huo haukuletwa na lori. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika bustani ile, ingawa wageni wengi hukikanyaga wakikimbilia twiga.

Na twiga wapo. Kuna jukwaa ambapo watoto hunyoosha kiganja chenye chakula, na ulimi mrefu wa rangi ya zambarau iliyokolea ukakifagia kwa mkupuo mmoja. Kuna viboko, mamba, kobe, mabwawa ya samaki, pofu, choroa na kuro. Kuna pia kumbukumbu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Wavuvi na wenyeji walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamnasa, akaletwa Haller Park, na huko akajibandika kwa Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Picha zao zilizunguka dunia nzima, zikaitangaza bustani.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Kila kampuni ya madini inapotaka kuchimba mahali papya, mtu hutaja Haller Park: tazameni, timbo hurudi kuwa msitu. Upande wa pili hujibu kwamba ile ni mapambo ya kufunika jeraha. Nimezisikiliza hoja zote mbili kwa miaka, na naona kila upande umeshika kipande cha kweli.

Wanaosifu wana haki ya kukumbusha tarehe. Mwaka 1971 Kenya haikuwa na sheria ya mazingira iliyomlazimisha mwenye timbo kulifunika. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilikuja mwaka 1999, miaka 28 baadaye. Kampuni ingeweza kuliacha shimo wazi, kama mashimo mengi yalivyoachwa hapa pwani, yakageuka madimbwi ya mbu na jaa la takataka. Badala yake ilitoa fedha na muda kwa kazi ambayo kwa miaka ya mwanzo haikuwa na dalili ya faida. Umoja wa Mataifa ulimtambua Haller mwaka 1987 katika orodha yake ya watu 500 waliotetea mazingira, na alistahili. Maarifa yaliyopatikana pale, kuhusu mti upi uanze na mdudu yupi aufuate, yana manufaa kwa yeyote mwenye ardhi iliyokufa.

Lakini kurudisha uhai na kurudisha kilichokuwapo ni mambo mawili. Mwitu wa pwani unaoota juu ya mwamba wa matumbawe una miti, popo, mapango na mimea ya dawa ambayo haipandwi kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kuona mwitu huo ulivyo aende Kaya Kinondo kule Kwale, halafu arudi Bamburi alinganishe. Mvinje wenyewe asili yake ni Asia na Australia. Tena jiwe la chokaa likichomwa hutoa kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake. Saruji peke yake inakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na binadamu duniani. Miti ya timbo moja haiwezi kulipa deni la tanuri.

Hoja inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya lango. Haller Park huitwa bustani ya watu wa Mombasa, ilhali huingii bila tiketi. Najua wanyama wanakula, walinzi wanalipwa, na mkaazi hutozwa nafuu kuliko mgeni. Bado mama wa watoto wanne anayeishi Kisauni, anayevuta vumbi lile lile la viwanda na magari, lazima apige hesabu kwanza, na mara nyingi hesabu humpeleka ufuo wa Pirates, ambako mchanga na upepo havina malipo. Sikukuu ya Idi ukitaka kuwaona watu wa eneo hili, nenda Pirates.

Linganisha na Uingereza, kwenye mji wa kuunda meli uitwao Birkenhead. Mwaka 1847 mji huo ulifungua bustani iliyosanifiwa na Joseph Paxton kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi, kwa fedha za umma, na gharama wakazirudisha kwa kuuza viwanja vya nyumba pembezoni. Mfanyakazi wa gati aliingia bure tangu siku ya kwanza, na akiamka kesho yake hakuna aliyeweza kuifunga, kwa kuwa ilikuwa mali ya mji. Ya Bamburi imesimama juu ya hiari ya mwenye kampuni. Na wenye kampuni hubadilika: Desemba 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilinunua sehemu kubwa kabisa ya hisa za Bamburi. Simshuku mmiliki mpya kwa lolote. Nasema tu kwamba msitu uliotunzwa zaidi ya miaka 50 usitegemee moyo wa anayekaa ofisini mwaka huu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Haller Park isifiwe kama kazi ya kutibu ardhi, tena isifiwe kwa sauti. Isitumiwe kama kibali cha kuchimba kwingine, kwa maana ilihitaji mtu mmoja mkaidi, maabara ya miongo mitano na bahati ya jongoo. Na kama tunataka kuiita ya umma, basi yaandikwe mawili kwenye mkataba na kaunti: ardhi iliyokwisha kuoteshwa isichimbwe tena wala kuuzwa viwanja, na wakaazi wa Bamburi na Kisauni wapate angalau siku moja ya kuingia bila malipo kila mwezi. Mivinje ya mwanzo imeshazeeka, na chini ya kivuli chake imepandwa miti ya asili. Watoto wanaosoma shule za jirani wangeanza kuja sasa, wangeikuta hiyo miti ikiwa bado inawafika kiunoni.