Kahawa ya wawili, risiti ya mmoja

Kwenye milima ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mambo ya ndani ya nyumba ya mkulima utayaona kwenye turubai la kuanikia kahawa. Ukikuta punje za kijani zimechanganyika na nyekundu, usikimbilie kulaumu wezi. Huenda mume kachuma kopo lake jioni akauze kimyakimya, na mke kachuma lake alfajiri, maana anayewahi kwa mchuuzi ndiye mwenye hela. Kahawa iliyochumwa mbichi ikikauka huwa nyepesi, na ladha yake inaharibu gunia zima.

Ndiyo maana Bukonzo Joint, ushirika wenye makao Kyarumba, ulianza kupanga na familia nyumbani. Mume na mke wanachora mti: mizizini kazi ya kila mmoja, matawini matumizi ya kila mmoja. Hata asiyejua kusoma anaona mizizi ya mke imebeba palizi, kuchuma, kuosha na kuanika, huku tawi la pombe likinenepa upande wa pili. Mchoro huo unauma kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Wanaopinga mume na mke kupanga pamoja na kuandikwa wote wawili kwenye daftari la chama wana hoja mbili. Ya kwanza naikubali: ushirika unachelewa kulipa. Malipo ya pili husubiri kahawa iuzwe, na ada ya shule haisubiri, ndiyo maana wapo wanaouza kahawa ikingali ua. Tena wazee hawajasahau. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vikuu vingi vya ushirika vilizama kwenye madeni, na mwaka 1999 Benki ya Ushirika ikafungwa. Ukimwambia mzee wa namna hiyo "tupange pamoja", atakuuliza mpango wa zamani uliishia wapi. Hapo anayedaiwa jibu ni chama, na jibu lenyewe ni vitabu vya hesabu vilivyo wazi na malipo ya kwanza yasiyomwacha mtu na njaa.

Hoja ya pili ni kwamba shamba ni la ukoo, na ukoo unamjua mume. Sawa, lakini chama hakigawi ardhi. Kinagawa pesa ya kahawa, na kahawa hiyo tumeshaona ilipita mikononi mwa nani. Majina mawili kwenye daftari la wanachama hayamnyang'anyi mtu shamba.

Tatizo ni kwamba siku hizi pesa hutumwa kwa simu. Daftari likiwa na majina mawili na namba moja, karani atatuma kwenye namba hiyo moja.