Mtungi wa nusu bei na gharama ya kuujaza tena

Hafla za nishati safi ya kupikia zinafanana siku hizi: mitungi ya gesi ya kilo 6 imepangwa mezani, kiongozi anakabidhi, kina mama wanapokea na kupiga picha. Sina ugomvi na picha hizo. Mama aliyepuliza kuni miaka ishirini anastahili mtungi, tena anastahili kupewa kwa heshima na hadharani. Kinachonitia wasiwasi ni mwezi wa pili, gesi ikishaisha na wapiga picha wameshaondoka. Mjadala wetu mwingi unasimama pale pale kwenye hafla, kisha mwenye mtungi mtupu akionekana amerudi kwenye mkaa tunasema hana elimu.

Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wiki iliyofuata Rais Samia alikuwa Paris akiongoza kwa pamoja na wenzake mkutano wa kimataifa wa nishati ya kupikia Afrika, ambako ahadi za dola bilioni 2.2 zilitolewa. Ndani ya nchi, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeamriwa kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umepewa kazi ya kusambaza mitungi zaidi ya 450,000 kwa bei ya ruzuku, ambapo mwananchi analipa nusu.

Hoja za serikali ni nzito na anayezibeza hajawahi kukaa kwenye jiko la makuti msimu wa masika, kuni zikiwa mbichi. Takwimu za serikali zinataja vifo takribani 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majumbani. Wanaoumia zaidi ni mama na mtoto aliyebebwa mgongoni mwake, kwa sababu ndio wanaokaa jikoni. Misitu nayo inakwisha. Aliyewahi kupita Kisarawe au Handeni alfajiri ameziona pikipiki na baiskeli zimebeba magunia hadi dereva haonekani, na kila mwaka zinakwenda kuufuata mkaa mbali zaidi. Anayesema tuache mambo yaendelee yalivyo hana jibu kwa mtoto mwenye nimonia wala kwa chanzo cha maji kilichokauka. Kwa hiyo sibishani kama tuhame. Nabishana na maelezo tunayoyatoa kuhusu wale ambao hawajahama.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wananchi hawana elimu: wanaiogopa gesi, wanaamini ugali wa gesi hauna ladha, wamezoea mkaa. Hofu ipo, na mlipuko mmoja mtaani unatosha kuwarudisha watu miaka kumi nyuma. Lakini nenda kwa mama lishe yeyote wa Tandale au Mbagala saa kumi na mbili asubuhi uone jiko lake. Gesi ipo, anachemshia chai na kukaangia mayai, kwa sababu wateja wa asubuhi wana haraka na moto wa gesi unawaka papo hapo. Pembeni kuna jiko la mkaa lenye sufuria kubwa ya maharage, limefunikwa majivu kidogo ili moto usikimbie. Ugali wa mchana utasongwa juu ya mkaa huo huo. Mama huyu anazijua nishati zote mbili kuliko afisa anayekwenda kumpa semina. Amepiga hesabu akaigawa kazi: ya haraka kwa gesi, ya muda mrefu kwa mkaa.

Hesabu yenyewe haina siri. Kuujaza mtungi wa kilo 6 kunataka shilingi elfu ishirini na kitu, kwa mkupuo. Mkaa unauzwa kwa gunia, kwa ndoo, kwa kopo, hata kwa mfuko mdogo wa kupikia mlo mmoja. Ukijumlisha mwezi mzima, mara nyingi anayenunua mkaa kwa kopo anatumia pesa nyingi kuliko jirani yake mwenye gesi, na yeye mwenyewe analijua hilo. Ila kibarua analipwa leo, anakula leo. Mume akirudi na elfu saba jioni, humo kuna unga, mboga, nauli ya kesho na pesa ya mtoto ya shule. Kopo la mkaa linaingia kwenye hesabu hiyo. Mtungi hauingii, hata kama mwisho wa mwezi ungekuwa nafuu. Ungemwambia aweke akiba kidogo kidogo? Anaweka, kwenye kikoba, na ile akiba inakwenda kwenye kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi mitatu au sita.

Ndiyo maana kila ninapoona idadi ya mitungi iliyogawiwa nakumbuka namba moja ya India: 3.21.

India ilianza kabla yetu, tena kwa kishindo. Mei 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua mpango wa Ujjwala mjini Ballia, jimbo la Uttar Pradesh, wa kuwapa wanawake wa kaya maskini huduma ya gesi bila kulipia gharama za kuunganishwa. Kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Ni nchi chache zilizowahi kugawa gesi kwa kasi hiyo. Kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India akauliza swali la mwezi wa pili, akahesabu mitungi iliyojazwa tena. Kwa wanufaika milioni 31.8 waliokuwa wametimiza zaidi ya mwaka mmoja hadi Desemba 2018, wastani ulikuwa mitungi 3.21 kwa mwaka.

Itazame namba hiyo vizuri. Mtungi wa nyumbani India ni wa kilo 14.2. Mara 3.21 ni kilo 45 na ushei kwa mwaka, chini ya kilo 4 kwa mwezi, kwa familia nzima. Hiyo ni gesi ya chai, ya maziwa ya mtoto, ya kupasha kiporo. Chapati na dengu za kila siku zilikuwa zinaendelea kupikwa kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, na moshi ulikuwa pale pale. Kwenye takwimu za serikali kaya hizo zilikuwa zimeshahama. Na wastani maana yake kuna waliojaza mara sita na kuna ambao hawakurudi kabisa. Baya zaidi, ukaguzi uligundua kuwa wastani ulikuwa umeshuka: miezi tisa nyuma, kwa kundi dogo zaidi, ulikuwa 3.66. Kadiri mpango ulivyowafikia watu maskini zaidi ndivyo mitungi ilivyozidi kukaa mitupu.

India haikuwalaumu wanawake wale kwa kukosa elimu, angalau si kwenye sera. Mei 2022 iliweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa na mnufaika wa Ujjwala, na Oktoba 2023 ikapanda hadi 300. Pesa inaingia kwenye akaunti ya mama mwenyewe. Ilichukua miaka sita kukubali kwamba tatizo halikuwa mtungi.

Sisi tuna nafasi ya kutoipoteza miaka hiyo sita, na bado ruzuku yetu ya REA imewekwa kule kule India ilikoanzia, kwenye kifaa cha mara moja. Mtu akitetea uamuzi huo, hoja yake naielewa. Ruzuku ya mtungi ina mwisho: umegawa, umemaliza. Ruzuku ya kujaza haina mwisho, na Indonesia ni ushahidi. Kuanzia 2007 nchi hiyo iliwahamisha mamilioni ya watu kutoka mafuta ya taa kwenda gesi kwa kuwapa bure mtungi mdogo wa kilo 3 na kushusha bei ya kuujaza. Walihama kweli, na hadi leo wanapika kwa gesi. Lakini mtungi ule wa kijani ukageuka mzigo kwa hazina, ukanunuliwa na wenye mahoteli na wenye magari, na kila serikali inayojaribu kuuondolea ruzuku inakutana na foleni na hasira. Tena Indonesia ilikuwa inaokoa ruzuku ya mafuta ya taa. Sisi hatuna ruzuku ya mkaa ya kuhamisha. Na gesi ya mitungi tunaiagiza yote nje kwa dola. Ile ya Songo Songo na Mnazi Bay ni gesi ya aina nyingine, inakwenda kwenye bomba na kuzalisha umeme. Kupunguza bei ya bidhaa ya nje kwa pesa za kodi si jambo la kushangilia haraka.

Kenya nayo imetuonyesha upande mwingine wa kuyumba. Gesi iliondolewa VAT mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Familia iliyokuwa imeshazoea gesi ilipanda na kushuka na kila bajeti. Jiko la mkaa halitupwi katika hali hiyo.

Lakini kati ya kutotoa kitu na kutoa ruzuku kwa kila mtu kuna njia, na mojawapo ilianzia hapa Dar es Salaam. Kampuni ya KopaGas ilifunga mita kwenye mtungi, mteja akawa analipa kwa simu kiasi alicho nacho, gesi inatoka kwa kiasi hicho, mtungi ukikaribia kuisha kampuni yenyewe inajua na kuleta mwingine. Teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 na ikaenea Nairobi kwa jina la M-Gas ikishirikiana na Safaricom. Huo ni mkaa wa kopo uliogeuzwa kuwa gesi. Mama analipia mlo wa leo kwa pesa ya leo. Kasoro zake zipo: mita ni ghali, na biashara inataka mtaa wenye nyumba nyingi karibu karibu, kwa hiyo haitafika Kakonko, kule Kigoma, kesho. Hata hivyo, kama kuna pesa ya umma ya kushusha nusu ya bei ya mtungi, naona ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye mita.

Hapo hapo pana jambo dogo la mzani. Kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mzani dukani, na uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Ni wangapi wanaupima mbele ya mteja? Maskini akishauziwa mtungi pungufu mara moja, ukaisha siku ya tisa, harudi. Kopo la mkaa analiona kwa macho likijazwa.

Umeme ungekuwa jibu zuri kuliko yote, kwa kuwa huu ni wetu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa umeme usiofika uniti moja. Hebu sasa tazama bei. Mteja mdogo wa nyumbani, D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha kwa mfululizo anahamishiwa kundi la bei la T1, shilingi 292 kwa uniti. Jiko la kawaida la sahani la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 3, yaani 90 kwa mwezi. Peke yake, kabla ya taa na friji, limeshamtoa kwenye D1. Anayewasha taa na televisheni tu na kupikia mkaa anabaki na umeme wa bei nafuu. Anayetii wito wa serikali na kupikia umeme analipa karibu mara tatu, tena kwa uniti zote. Bei hizo zilipangwa 2016, kabla ya mkakati wa nishati safi, na sijaona sababu ya ukomo wa 75 kubaki vile vile kwa kaya inayopika.

Kuna kundi jingine linalosemwa vibaya zaidi hata ya mama lishe, nalo ni wachoma mkaa. Marufuku tumeshajaribu: Januari 2006 mkaa ulizuiwa nchi nzima, bei ikaruka, na baada ya wiki mbili hivi amri ikaondolewa. Kinachosahaulika ni Kilosa. Kuanzia 2012, chini ya mradi wa TFCG na MJUMITA, mashirika ya uhifadhi wa misitu, uliofadhiliwa na Uswisi, vijiji vilitenga sehemu ya msitu, vikaigawa vitalu na kuvuna kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue tena. Ushuru ulibaki kijijini, ukajenga madarasa na zahanati, na kijiji kikawa na sababu ya kuulinda msitu wake dhidi ya mwenye kutaka kuufyeka alime ufuta. Kwa muongo huu ambao mkaa bado utatumika, tupende tusipende, ningependa gunia litoke Kilosa kuliko litoke kusikojulikana. Kuligeuza neno mkaa kuwa kosa kunawafunga mikono wale waliokuwa wanaufanya vizuri.

Ombi langu kwa Wizara ya Nishati ni moja, na si la gharama. Kila taarifa ya mitungi iliyogawiwa iambatane na idadi ya iliyojazwa tena ndani ya mwaka mmoja, wilaya kwa wilaya. Kampuni za gesi zinajua zimeuza nini na wapi. REA inajua mitungi ya ruzuku ilipelekwa kijiji gani. Bunge linaweza kuitaka namba hiyo kwenye hotuba ya bajeti, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kuikagua kama mwenzake wa India alivyofanya, kabla hatujagawa laki nyingine.