Tajiri apunguze moshi kwanza, sawa, ila gesi yetu ya Lindi je?

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopiga, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika kule Somanga, mabasi yakakwama, na sisi huku Mtwara tukawa kama tuko kisiwani. Kila mtu kijiweni akawa mtaalamu wa tabianchi, na neno likawa moja: wazungu ndo wamechafua hewa, wazungu walipe.

Mi nakubaliana nalo kwa sehemu kubwa, maana ndivyo mkataba wa tabianchi wa Rio wa 1992 ulivyosema kwa lugha ya kistaarabu, kwamba jukumu ni letu sote ila mizigo haifanani. Kwenye mkataba uliofuata, wa Kyoto 1997, nchi tajiri zikapangiwa kupunguza hewa chafu kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha 1990, kati ya 2008 na 2012, sisi hatukupangiwa kitu. Sasa angalia kilichotokea, Marekani ikasaini halafu 2001 rais wao Bush akasema hapana, Kanada ikajitoa 2011, na ukishatoka kwenye mkataba adhabu hamna, yaani ni kama mtu anayejitoa kwenye kikoba siku zamu yake ya kuchangia ikifika. Kwenye mkutano wa Copenhagen 2009 matajiri wakaahidi nchi masikini dola bilioni 100 kwa mwaka za mazingira ifikapo 2020, zikatimia 2022.

Ila tusijidanganye, Marekani nao walikuwa na hoja. Walisema China haijapangiwa chochote, mbona sisi tujifunge? Leo China peke yake inatoa karibu theluthi ya hewa ukaa ya dunia nzima, kwahiyo hata Ulaya wakizima viwanda vyote joto halitaacha kupanda bila Beijing. China nao watakujibu gawanya moshi kwa idadi ya watu, halafu jumlisha tangu enzi za makaa ya mawe Uingereza, uone nani kinara (ni Marekani). Kila mmoja anapiga hesabu inayompendeza. Ndo maana kwenye mkataba wa Paris 2015 wakaamua kila nchi ijipangie yenyewe, ikawa rahisi kusaini, na rahisi zaidi kutotekeleza. Trump ameshaitoa Marekani humo mara mbili.

Sasa penye utamu ni hapa kwetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na tunasubiri mtambo mkubwa wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, tuuze nje. Kwa taratibu za hizi hesabu za kimataifa moshi unaandikwa kwa anayeichoma, si kwa aliyeichimba, so gesi ya Lindi ikiungua Japani ni dhambi ya Japani, sisi tunabaki karibu wasafi tukisubiri hela za mazingira. Na hao matajiri wakitimiza ahadi zao kweli kweli, watanunua gesi ya nani? Tunaowadai wapunguze ndo haohao tunaotaka wawe wateja wetu, na hili kijiweni halisemwi kabisa, ukilisema unaonekana umetumwa.

Mi bado nasema walipe, kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku 2024 walipoahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 nchi masikini zilikuwa zinataka trilioni 1.3, hiyo si hata robo. Ila kwa sasa fidia ninayojua imefika Likong'o ni ile watu waliyolipwa wapishe mradi wa gesi, na mtambo wenyewe haujajengwa.