Sam Cooke na swali la nani aliyemlainisha

Sam Cooke, mwimbaji mweusi wa Marekani, alipofika namba moja nchini kwake kwa "You Send Me" mwaka 1957, wapo waumini waliosema mtoto wa mchungaji kapotea. Tangu 1950 alikuwa sauti kuu ya Soul Stirrers, kundi kubwa la injili, na lawama alizijua mapema: wimbo wake wa kwanza wa kidunia, 1956, aliutoa kwa jina la Dale Cook. Ujanja wa bure. Sauti ile ungeificha wapi?

Lawama hiyo ya kanisani siipi uzito. Ule mtindo wake wa kulivuta neno moja na kulizungusha mpaka lisisimue alitoka nao madhabahuni, na hakuuacha. Nzito ni lawama ya pili, kwamba alijilainisha ili Wazungu wamkubali. Sikiliza rekodi mbili za jukwaani. Januari 1963, Harlem Square Club, Miami, mbele ya watu weusi: sauti inakwaruza, ukumbi mzima unamjibu. Julai 1964, Copacabana, klabu ya New York yenye wateja wengi Wazungu: sauti imenyooshwa kama suti aliyovaa. Ndiyo, Copa aliitaka mwenyewe. Alikwama pale mwaka 1958 na aibu ile ilimkaa moyoni. Lakini RCA, kampuni yake ya rekodi, iliitoa rekodi ya Copa mwaka uleule, ile ya Miami ikaachwa kabatini hadi 1985. Kwa miaka 20 na zaidi wasikilizaji walimhukumu kwa ushahidi wa upande mmoja.

Watetezi wake hutaja biashara, na hapo wana hoja. Akiwa na J.W. Alexander alianzisha lebo ya SAR, akawa na kampuni ya kusimamia hakimiliki za nyimbo, akawainua Bobby Womack na kaka zake. Wimbo wa vijana hao, "It's All Over Now", uliporudiwa na kundi la Waingereza, Rolling Stones, ulishika namba moja Uingereza mwaka 1964. Wasanii weusi wengi wa wakati ule hawakumiliki hata nyimbo walizotunga wenyewe. Ila msimamizi wake wa mwisho alikuwa Allen Klein, na baada ya Cooke kuuawa kwa risasi katika moteli moja Los Angeles, Desemba 1964, akiwa na miaka 33, sehemu kubwa ya mali hiyo ya muziki iliishia kwa Klein. Kwangu mimi, hilo linauma kuliko Copa.

Kuhusu ulaini, kuna "A Change Is Gonna Come", wimbo wake wa kupinga ubaguzi wa rangi. Oktoba 1963 alikataliwa chumba katika hoteli ya Wazungu Shreveport, Louisiana, akapiga kelele, akakamatwa. Januari iliyofuata aliurekodi wimbo huo. Ulipotoka kama singo, yeye akiwa kaburini tayari, ulikuwa umekatwa ubeti mmoja: ule wa mtu anayekwenda sinema na mjini, akaambiwa asizubae maeneo hayo.