Kidonda cha taya na jino lililonyamaza

Shangazi yangu wa Wete alikaa na kidonda chini ya taya kwa miaka miwili. Kilikuwa kidogo mfano wa punje ya mtama, kikitoa usaha, kikikauka, kisha kikirudi palepale, na kwa kuwa hakikumuuma kila mtu alikiita jipu. Alikipaka manjano, akapewa antibaiotiki mara tatu, na safari moja kilikatwa kikashonwa. Haukupita mwezi kikafumuka kando ya mshono.

Aliyekitambua ni daktari wa meno, ambaye kabla ya kukishika alimtaka afungue kinywa.

"Mama, gego hili liliwahi kukuuma?"

"Liliniuma zamani, mwanangu, nikalitia karafuu likapoa."

Hapo ndipo tunapokosea, hasa sisi Wapemba ambao karafuu haitukosi nyumbani. Karafuu hutuliza maumivu, lakini haiponyi jino lililooza. Gego la shangazi halikupoa, bali lilikufa: neva yake ya ndani iliharibika, bakteria wakabaki kwenye ncha ya mzizi, usaha ukala mfupa na kutafuta njia nyepesi ya kutokea. Ncha ya mzizi ikiwa chini ya mahali misuli iliposhikamana na taya, usaha huweza kutokea kwenye ngozi badala ya kwenye ufizi, na ukishapata mlango haujikusanyi tena ndani ukamsumbua mtu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa namna hii hawalalamikii jino hata kidogo.

Naamini kwa dhati kwamba kidonda cha kidevu, taya au shavu kisichopona kisitiwe kisu kabla meno hayajachunguzwa na kupigwa picha ya eksirei. Kidole kikipapasa huweza kukuta kitu kigumu kama uzi kati ya kidonda na mfupa; jino huguswa kwa kitu cha baridi ili kujua kama lingali hai; na kijiti laini cha gutapacha, yaani utomvu mgumu kama mpira ambao madaktari wa meno huutumia na ambao huonekana kwenye eksirei, kikipenyezwa kidondoni kabla ya picha, huonesha mzizi unaotoa usaha. Sisemi kwamba kila kidonda cha uso kina asili ya jino, kwani saratani ya ngozi na kifua kikuu cha tezi huweza kufanana nacho, na hiyo kwangu ni sababu nyingine ya kutokata kwa kukisia.

Shangazi aling'olewa gego, na kidonda kikafunga ndani ya wiki mbili bila dawa ya kupaka. Amebaki na kibonyeo kidogo chini ya taya, na pembeni yake kovu la mshono ambao haukuhitajika.